Nilivyokwenda Kumchukua Wakio Majani Yakianguka

Simu ya ndugu yangu Renson ilinikuta kwenye cherehani nikishona sare za shule, hapa kwangu Voi, mwanzoni mwa Oktoba. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejifungia chooni asisikike.

"Dada, viza yako imetoka," akasema. "Njoo. Na ukirudi, urudi na Wakio. Hapa tumeshindwa."

Wakio ni binti yake wa pekee, ana miaka mitano. Renson na mkewe Dorcas walipokwenda Uingereza kutafuta maisha, Dorcas akiwa muuguzi hospitalini na Renson akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia watu, waliniachia mtoto akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nilimlea mimi mpaka Aprili mwaka huu, karatasi zake zilipokamilika, akapelekwa Birmingham kwa wazazi wake. Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Kwenye simu alinionyesha nyasi, bata wa bustanini, na jua lisilotaka kuzama. Kisha miti ikaanza kubadilika rangi, na mtoto naye akabadilika. Alikataa kula shuleni. Alipiga kelele akiogeshwa. Akiona mtu anafagia majani barabarani alimkumbatia mama yake mguu na kukataa kupita. Mwalimu wake alikuwa ameshawaita wazazi kuwauliza kama nyumbani kuna shida yoyote.

"Ni majani tu yanayomtisha?" nikamuuliza Renson.

"Ni majani tu. Nimemweleza kwamba ni vuli, kila mwaka miti huku inafanya hivi. Ndiyo kwanza akalia zaidi."

Sikuwa na huzuni nilipokata simu. Nilifurahi. Tangu Wakio aondoke, nyumba yangu ilikuwa haikaliki. Nikiketi nilisimama, nikisimama sikujua nilisimamia nini. Nilikuwa napika chakula cha watu wawili kisha nakipeleka nusu kwa jirani. Siku ile nilipanga nguo zake za zamani, nikapima kwa macho ni kiasi gani zingehitaji kuongezwa pindo, na hata sikumaliza sare za watu.

Siku ya safari nilifika stesheni ya Voi mapema mno, nikatembea huku na huku kwenye jukwaa mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Treni ilipoondoka kuelekea Nairobi nilikaa dirishani. Mvua za vuli zilikuwa bado. Nyika yote ilikuwa ya kijivu, migunga imebaki matawi matupu, vumbi jekundu limetanda hadi milimani. Mtu wa Voi akiitazama nyika ya namna hiyo hasemi kitu. Anahesabu tu moyoni alichobakiza ghalani.

Kutoka Nairobi tulipaa hadi Dubai, na kutoka Dubai hadi Birmingham. Sikulala. Nilivaa viatu, nikavua, nikatembea kwenye ule ujia mwembamba kati ya viti mpaka mhudumu akaniletea maji na kunisihi nikae. Alidhani naogopa ndege. Mimi nilikuwa nikiwaza safari ya kurudi, Wakio akiwa kiti cha dirishani na mimi kando yake.

Birmingham tulitua mchana, kwenye manyunyu. Renson alinipokea akiwa bado na sare yake ya kazini chini ya koti. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Tulipanda treni pale pale uwanjani kwenda Stechford, ambako ndiko wanakoishi. Ni mwendo mfupi. Pembeni mwa reli kulikuwa na miti ya manjano, miti ya rangi ya shaba, na mingine iliyobaki mifupa, na upepo ulipopita majani yalimwagika juu ya behewa. Abiria mmoja mbele yetu alitoa simu akapiga picha. Macho yangu yalikubali kwamba ni jambo zuri. Lakini nikajikuta nimeushika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Imeanza lini hii?" nikamuuliza Renson.

"Ipi?"

"Hii miti."

Akacheka. "Na wewe pia, dada?"

Nyumbani kwao ni katika safu ya nyumba za matofali mekundu zilizoshikana, kila moja na uwanja mdogo nyuma. Dorcas alinikumbatia mlangoni na hakuniachia haraka. Wakio alikuwa amekaa kwenye ngazi ya katikati, amevaa soksi ndefu na sweta. Nilikuwa nimeota mara nyingi jinsi atakavyonirukia. Hakuruka. Alinitazama mimi, akatazama begi langu, kisha akauliza:

"Shangazi, umekuja na maji?"

"Maji?" Renson akasema. "Mwanangu, maji si yapo hapa hapa, tena mengi. Msalimie shangazi."

Akanisalimia, nikamwitikia. Kisha akapanda ngazi polepole, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Asubuhi iliyofuata wazazi walikwenda kazini, nami nikampeleka shuleni. Tulipita njia ndefu kwa sababu ile fupi ilikuwa na miti. Mwalimu wake, msichana mchangamfu mwenye sauti nzuri, alinionyesha ukutani kazi za watoto: majani ya rangi zote yamebandikwa kwenye karatasi, maboga, na nungunungu mdogo wa nchi ile anayelala kipindi chote cha baridi. Darasa zima lilikuwa linajifunza majira. Watoto waliimba, walikusanya majani, waliyarusha juu na kuyakanyaga. Wakio alikataa kugusa hata moja. "Tunataka aone uzuri wake," mwalimu akaniambia. Alisema kwa nia njema, na nilimshukuru, lakini njiani kurudi nilitembea kwa kasi kama mtu anayefukuzwa. Sikujua nakimbilia wapi. Nilizunguka mitaa ile mpaka soksi zikalowa.

Niliporudi nyumbani niliamua kutandika vitanda, angalau mikono ifanye kazi. Nilipoinua godoro la Wakio nikakuta furushi. Alikuwa ametumia kitambaa cha kichwa cha mama yake. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mkate vilivyokauka, nusu ya tufaha lililosinyaa, na wali uliofungwa kwenye karatasi. Chini ya kitanda, ukutani kabisa, kulikuwa na vikombe vya plastiki vyenye maji, vimepangwa vizuri na kufunikwa kwa visahani.

Nilikaa sakafuni. Furushi lile nililijua. Mkono uliomfundisha mtoto kulifunga ni wangu.

Katika ukame ule mkubwa uliotupiga Voi, Wakio alikuwa mdogo, anaanza tu kuzungumza sawasawa. Miti iliacha majani yake yote, na baada ya miti yakafuata mengine: kisima kilichokauka, mbuzi waliokufa, na mwishowe ndama mmoja tuliyemlisha kwa mkono na ambaye Wakio alikuwa amempa jina. Nilikuwa naficha unga chini ya kitanda changu ili nisiumalize. Nilikuwa nikimwogesha kwa kikombe kimoja, nikimwambia, "Usimwage, maji yakiisha tumeisha." Kwenye simu sikuwaambia Renson na Dorcas mambo yote hayo. Mtu aliye mbali utamtia hofu asiyoweza kuifanyia chochote kwa nini? Na mvua iliponyesha, mimi nilidhani mtoto amesahau.

Mchana, nilipomrudisha kutoka shuleni, nilimkalisha kitandani na kuliweka furushi kati yetu. Alikunja uso kama aliyeibiwa.

"Sijaja kukunyang'anya," nikamwambia. "Hii ni akiba ya nani?"

"Ya wote."

"Kwa nini unaificha?"

"Mama ataitupa. Mama anatupa vyakula. Anafungua mfereji maji yanaenda tu." Alisema huku akitazama dirisha. "Hawajui, Shangazi. Wao hawakuwepo."

"Hawajui nini?"

"Miti inakufa. Baba anasema ni vuli. Vuli si mvua? Na mvua iko, inanyesha kila siku, na bado miti inakufa." Akalivuta furushi kwake. "Kule kwetu mvua ikija inapona. Hapa mvua imekataa kusaidia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, vuli ni jina la mvua, ni miezi ya kupanda mahindi. Baba yake alikuwa amechukua neno hilo, kama wafanyavyo wengi, akaliita kwalo jambo la nchi nyingine, na mtoto akabaki na neno moja lenye maana mbili zinazopigana. Woga wake ulikuwa na akili kuliko tulivyodhani. Alikuwa ameona ukame unaotisha kuliko wa Voi, ukame usiosikia mvua.

Nilimweleza kwamba miti ya huku haifi, inaacha majani kwa sababu ya baridi, na yatarudi.

"Yatarudi lini?"

Sikujua. Sikuwa nimewahi kuona jambo lile hata siku moja, nami nilikuwa nikimwomba mtoto aamini kitu ambacho mimi mwenyewe sikukiamini.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kutoka na kuingia. Nilifua nguo zilizokwisha fuliwa. Nilisimama uwanjani nyuma ya nyumba, nikatazama juu, nikarudi ndani kwa ajili ya baridi, nikatoka tena. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na mti wa matufaha, na chini yake mama mmoja wa Kihindi mwenye nywele nyeupe na koti la mvua alikuwa akikusanya majani kwa reki. Alinisikia nikijisemea peke yangu.

"Jambo, dada," akasema. "Wewe ni wa Kenya?"

Nilishtuka kusikia Kiswahili pale. Jina lake ni Surjit, na nilimwita Mama Surjit. Alizaliwa Nakuru. "Kiswahili yangu imeshika kutu," akasema, "utanivumilia." Nilimweleza habari za Wakio. Sikukusudia kusema mengi, lakini alikuwa ameegemea reki yake na hakuonyesha haraka.

"Mimi nilikuja hapa mtoto kama yeye, mkubwa kidogo," akasema. "Ilikuwa mwezi kama huu. Baba alisema tunaenda nchi tajiri. Nikafika, nikaona kila mti unakufa. Nikafikiri, baba yangu amedanganywa na watu."

"Nani alikueleza?"

"Hakuna. Walijua, lakini hakuna mtu alifikiri mtoto anataka kujua. Nilikaa na hofu mpaka Machi. Halafu asubuhi moja nikaona kijani kidogo kwa mti. Wengine walifurahi. Mimi nilikasirika. Nikasema, kumbe walijua wakati wote?"

Aliponiambia hivyo niliuangalia mti wake. Nikamwomba ruhusa nilete mtoto Jumamosi.

Jumamosi asubuhi tulitoka sote, kwa sababu Renson hakuwa na zamu. Wakio alikubali kuingia uwanjani kwa Mama Surjit kwa sharti kwamba nimbebe. Alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka. Mti ulikuwa umebaki na majani machache ya kahawia. Kwetu, kabla ya kukata kuni wakati wa kiangazi, tunakwaruza gome kwa ukucha. Ukikuta pakavu na kahawia, mti umekufa, kata. Ukikuta kijani, uache. Wakio amekuwa mgongoni kwangu mara nyingi nikifanya hivyo, na mwaka ule wa ukame alikuwa ameona kahawia baada ya kahawia.

"Tuukwaruze?" nikamuuliza.

Hakuficha uso. Nikavuta kitawi. Ningependa kusema kwamba nilikuwa na uhakika, lakini sikuwa nao, na kama ningekuta kahawia nisingekuwa na neno la kumwambia. Nikapitisha ukucha.

Kilitokea kijani kibichi chenye maji. Wakio alisogeza uso mpaka pua ikagusa kitawi. Alinusa. Kisha akashuka mgongoni, akavuta kitawi kingine, akakwaruza mwenyewe. Kijani. Akaenda upande wa pili wa mti, kama anayedhani upande ule huenda unadanganya, akakwaruza tena.

"Ona hapa," Mama Surjit akamwonyesha vinundu vidogo kwenye ncha ya tawi, vigumu, vyenye manyoya kidogo. "Hii ni majani ya mwaka ujao."

"Yako ndani sasa hivi?"

"Sasa hivi. Yamefungwa. Yale mengine yalikuwa laini, baridi ingeyaharibu, kwa hivyo mti umeyaacha yaende. Haya yanangoja."

"Yatatoka lini?"

"Machi, Aprili. Wakati wewe ulikuja."

Wakio alifikiri. "Nilipokuja yalikuwa yametoka tu?"

"Yalikuwa mapya kabisa."

Kurudi nyumbani tulichukua muda mrefu sana, kwa sababu alitaka kukwaruza kila mti wa mtaa. Karibu na stesheni kulikuwa na mche uliofungwa kwenye nguzo, na alipoukwaruza ulikuwa mkavu na kahawia mpaka ndani. Akasimama.

"Huu umelala tu," Renson akasema haraka.

Wakio akanitazama mimi. Niliona kwamba nikikubaliana na baba yake, kijani chote cha asubuhi ile kitapotea.

"Hapana," nikasema. "Huu umekufa. Nadhani ulipandwa ukakosa maji kabla haujashika mizizi."

Renson alinitazama vibaya. Wakio akasema, "Mmoja."

"Mmoja."

Akanishika mkono, tukaendelea na njia. Jioni ile alikula sahani yake yote mbele yetu, na vikombe akavitoa mwenyewe chini ya kitanda.

Wiki ile Dorcas alipata siku ya mapumziko, tukapanda basi linalozunguka jiji hadi Kings Heath kumtafutia mtoto gambuti za mvua kwenye maduka ya mitumba. Barabara kuu ilikuwa imejaa watu, na tuliingia duka baada ya duka. Nilikuwa nikichambua nguo za watoto kwa haraka, nachukua na kurudisha. Nilikuta kigauni chepesi cha pamba, nikakiweka pembeni.

"Hicho ni cha wapi, wifi?" Dorcas akaniuliza.

"Cha Voi," nikasema kabla sijafikiri.

Alikirudisha kwenye mstari wake taratibu, akanyoosha mabega ya kile kigauni. Kwenye basi la kurudi alisema akiwa ameangalia mbele. "Tiketi ya Wakio ya kurudi Voi ni Renson aliyeikata. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka, siku hiyo ningekubali lolote. Lakini nikuambie ukweli, wifi. Ukimchukua safari hii, mimi si mama yake tena. Nitakuwa mtu wa kwenye simu."

Nilisema tu kwamba mtoto bado hajatulia. Ilikuwa kweli, na pia iliniokoa.

Jumapili ya mwisho ya mwezi saa zilirudishwa nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo huko kila mwaka, na Jumatatu nilipokwenda kumchukua kwenye klabu ya baada ya shule kulikuwa giza tayari. Nilikuwa nimeambiwa, na bado lilinitisha. Taa za barabarani zilikuwa zimewaka na watu walitembea wameinamisha vichwa. Wakio alitoka na gambuti zake mpya, akatazama juu, akaanza kulia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mchanga. "Na jua pia," alikuwa akisema. "Na jua pia." Nilimbeba njia nzima. Kesho yake vikombe vya maji vilikuwa vimerudi chini ya kitanda.

Nilikuwa na haki ya kufurahi wakati huo, kama ni kumtaka. Tiketi ilikuwepo, sababu imepatikana upya, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilizunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia, na nilichokuwa nikiona ni nyika ya kijivu niliyoipita kwenye treni. Nilikuwa nampeleka wapi? Kutoka kwenye miti mitupu kwenda kwenye miti mitupu. Na angekuwa amejifunza nini, ila kwamba majani yakianguka dawa yake ni kukimbia?

Asubuhi hiyo Dorcas alikuwa ametoka zamu. Nilimwambia apande juu kabla hajalala. Nilimweleza mlangoni habari ya vikombe, ya ndama na ya unga wangu, yote ambayo sikuwaambia. Alisikiliza akiwa bado na beji shingoni. Kisha akaingia, akalala kifudifudi sakafuni kando ya binti yake, wote wawili vichwa chini ya kitanda.

"Nionyeshe," nikamsikia akisema.

"Hiki ni cha Baba. Hiki chako. Hiki cha Shangazi."

"Na chako?"

"Mimi nakunywa kidogo."

Dorcas hakumwambia kwamba maji hayaishi. Alisema, "Yule ndama aliitwa nani?" Na mtoto akamwambia. Wakakaa kule chini muda mrefu wakizungumza, mimi nikashuka, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Baada ya hapo mambo hayakunyooka siku moja. Dorcas aliomba kubadilishiwa zamu ili awe anamchukua mwenyewe mara nyingi iwezekanavyo, wakatembea na tochi, Wakio akimulika matawi. Vikombe walikubaliana vikae juu ya meza, mahali pa wazi, na kila jioni Wakio amwagilie navyo maua ya dirishani na kujaza upya. Renson aliacha kutumia neno vuli. Alisema tu, "miezi ya kungoja." Mwalimu alipoona mtoto anakwaruza miti ya shule, kwanza alimkataza. Dorcas alikwenda kumweleza, naye mwalimu akasikiliza, na siku moja Wakio akawasimamisha wenzake chini ya mti na kuwaonyesha kijani, kwa Kiingereza ambacho sikujua anacho. Bado kulikuwa na asubuhi za kilio. Bado kulikuwa na siku alizorudisha chakula chote kama alivyokwenda nacho.

Siku chache kabla ya safari, mchana, Renson alikaa mezani na kuuliza begi la Wakio litawekwa nini. Dorcas alikuwa akikata vitunguu. Aliacha kisu.

"Nitarudi peke yangu," nikasema. Nilikuwa nimesimama, maana sikuweza kukaa. "Usiniulize mara ya pili, Renson, nisije nikajibu vingine."

"Dada, si ulisema..."

"Nilisema. Akae hapa ayaone majani yakirudi. Akiondoka sasa, hatayaona, na maisha yake yote hatatuamini."

Renson alitazama mkewe. Dorcas alirudi kwenye vitunguu vyake, na hakuna aliyeweza kujua kinachomtoa machozi.

Siku ya kuondoka walinisindikiza hadi stesheni ya Stechford asubuhi, majani yamelowa na kugandana chini kama magazeti ya zamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, isipokuwa lililotokea. Wakio alidhani anaondoka nami. Hatukuwa tumemficha, tulimwambia mara kadhaa, lakini mtoto husikia anachotaka. Treni ilipofika akapanda hatua ya kwanza pamoja nami, na Dorcas ikambidi amshushe. Alinyoosha mikono, akaniita kama alivyoniita zamani, Mama Shangazi. Sikupunga mkono vizuri. Mlango ulifungwa nikiwa bado natafuta la kusema, na niliendelea kulitafuta mpaka uwanja wa ndege, na ndani ya ndege, na Dubai.

Voi niliikuta bado inasubiri mvua. Zikaja baada ya siku kadhaa, si nyingi, ila za kutosha kulainisha ardhi, na watu wakatoka na majembe. Sikulima vizuri mwaka huu. Naanza mstari, naacha katikati, naingia ndani kutazama simu.

Wateja wangu huniuliza niliona nini Ulaya. Nawaambia niliona mtoto ambaye kila mtu alimwambia asiogope, na hakuna aliyemuuliza ameshaona nini. Nawaambia wenye watoto ng'ambo wasimtangulizie mtoto uzuri wa jambo jipya. Waanze na anachokijua, hata kama ni cha kutisha, wakishike pamoja naye, wamwonyeshe kwa mikono yake mahali lile jipya linapotofautiana nacho. Na kilichokufa waseme kimekufa. Ndivyo nilivyojifunza, na nilijifunza nikiwa nimesimama, maana sikupata utulivu wa kukaa hata siku moja katika safari ile yote.

Jumamosi iliyopita nilimpigia Dorcas. Alisema miti yote ya mtaa wao sasa ni mitupu, hakuna jani hata moja, na asubuhi kulikuwa na barafu kwenye kioo cha gari. Mtoto alikula shuleni Jumatatu, Jumanne akakataa, akala siku zilizobaki. Nyuma ya sauti yake nilisikia watoto wakicheka na mlango ukigongwa-gongwa.

"Ni Wakio huyo?"

"Ni yeye na rafiki zake, wako nje na gambuti. Nimwite, wifi?"

Nilikuwa nimengoja simu hiyo wiki nzima. Nilikuwa nimesimama mlangoni, jembe liko mkononi, na nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia.

"Mwache acheze," nikasema.